Karatasi Niliyokataa Kusaini

Nilitoka Nakuru kwa basi, nikalala kwenye viti vya viwanja viwili vya ndege, nikafika Birmingham mvua ikinyesha. Nilikuja kuendesha gari. Kazi nyingine sikuijua. Miaka kumi na miwili nilibeba maziwa kwa pikapu kwenye barabara za tope, na mguu wangu ulishika sheria moja: penye utelezi breki haikandamizwi, inapigwapigwa.

Mkongo mmoja niliyesali naye kanisani mtaa wa Lozells, dereva aliyenizidi umri, aliicheka sheria hiyo. Alinipeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, umelowa chapachapa.

"Ndugu, gari hii si punda. Kanyaga mara moja, nguvu yote, usiachilie. Shika usukani, angalia unapokwenda."

"Magurudumu yakigoma kuzunguka, gari likateleza?"

"Breki hizi zina mtambo, ABS, haiyaachi yagome. Inapigapiga yenyewe, haraka kukushinda. Wewe unaivuruga tu."

Nilikanyaga. Pedali ikatetemeka na kukoroma chini ya kiatu, nikaondoa mguu. Alicheka hadi akakohoa. Tulirudia mpaka mguu ukakubali.

Nikapata kazi ya kupeleka wazee hospitali, mtaa wa Edgbaston. Asubuhi moja, nikiwa na bibi wa Sutton Coldfield kiti cha nyuma, mwendesha baiskeli alichomoka mbele yangu kwenye mteremko uliolowa. Nilikanyaga hadi mwisho, nikashikilia. Gari lilitetemeka lote, lakini usukani ulinitii. Nilimkwepa kwa upana wa mkono. Bibi alilalamika ofisini kwamba gari lilinguruma na kumtikisa.

Meneja alinisukumia karatasi: nimefunga breki kwa fujo, naahidi kubadilika.

"Saini, yaishe. Bila saini sikupi gari."

"Nibadilike niwe nani? Aliyemgonga yule wa baiskeli?"

"Hakuna aliyegongwa."

"Ndiyo maana sisaini."

Jioni hata Mkongo alinisihi. "Saini, ndugu. Ni wino tu."

Nilikwisha kusaini mengi nisiyoyaamini ili nipate pa kulala. Siku hiyo nilichoka. Asubuhi niliweka funguo juu ya karatasi yao, nikatoka bila kuaga.

Jumamosi nilipanda basi la Glasgow na begi moja, nisirudi tena. Mkongo alinisindikiza hadi stendi akinilaumu njia nzima kwa kiburi changu, na begi alilibeba yeye.