Nekoye Akataa Kitanda

Kwa Nekoye, mambo ya mkwe hayakuwa na mjadala. Tangu Njuguna amwoe binti yake Natalie, Nekoye hajawahi kumpa mkono. Njuguna akija nyumbani Free Area, mtaa wa Nakuru, yeye hula sebuleni na Nekoye hula jikoni. Usiku ukifika, mkwe huenda kulala gesti mjini, hata mvua iwe inapiga mabati namna gani. Ndivyo Nekoye alivyolelewa kwao Kimilili: mama mkwe na mume wa binti yake hawalali mahali pamoja. Nakuru aliletwa akiwa bibi arusi. Akauza mitumba mpaka miguu ikaanza kumvimba, akamzika mume, akajifunza Kikuyu cha sokoni na Kikalenjin cha kutaniana na majirani. Mengi aliyaacha njiani, kama mtu yeyote anayeishi na watu wa kila kabila. Hilo la mkwe hakuliacha.

Natalie sasa anafanya kazi Mbeya, Tanzania, kwenye shamba la mbegu za viazi, na juzi alijifungua msichana wa pili. Wa kwanza aliitwa Wariara, jina la mama yake Njuguna, kama Wakikuyu wafanyavyo. Wa pili, kwa desturi hiyohiyo, alikuwa wa upande wa mama. Akaitwa Nekoye. Bibi alipoambiwa kwa simu aliuliza jambo moja tu: mtoto ana nywele? Kesho yake akatoa sanduku chini ya kitanda na kuanza kupanga nguo.

Njuguna alikuwa ametoka Mbeya na kuja Molo kuwaona wazazi wake, na ndiye angempeleka. Wangepanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya Mbeya, ambayo hutembea mchana na usiku. Asubuhi ya siku ya safari alifika mlangoni akiwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyeleta zawadi.

"Mama, nimepanga kila kitu. Kwa treni hatutakaa kwa viti. Nimechukua chumba cha vitanda vinne, chote chetu. Wewe, mimi na mizigo. Hakuna mtu wa kutusumbua."

Nekoye alikuwa akikatakata majani ya sukuma. Kisu kikasimama. Hakumtazama mkwe wake. Alimgeukia jirani yake Chelimo, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akinywa chai.

"Chelimo, huyu mtu amesema nini?"

"Amesema mtalala chumba kimoja," Chelimo akajibu, macho yake tayari yakicheka. "Wewe kitanda hiki, yeye kile. Mkikoroma mnajibizana."

"Mwambie nitakaa kwa kiti."

"Si mwenyewe yuko hapa?"

"Mwambie."

Njuguna alidhani mama anamhurumia mfuko. Akasema chumba kimeshalipwa, asijali. Nekoye akaendelea na sukuma. Njuguna sasa akadhani labda mama anaogopa kubanana.

"Vitanda viko chini na juu, Mama. Wewe utachukua cha chini. Mimi nitapanda cha juu, hutaniona hata."

"Yesu!" Chelimo akaweka kikombe chini. "Juu ya mama mkwe! Njuguna, wewe umelelewa na nani huko Molo?"

Hapo ndipo Njuguna alipoanza kushtuka. "Kwani kuna shida gani?"

"Hujawahi kujiuliza mbona unalala gesti?"

"Natalie aliniambia nyumba ni ndogo."

Chelimo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Njuguna akaitazama kama anayeiona mara ya kwanza, akahesabu milango kimyakimya, na masikio yake yakaiva kwa aibu.

Akampigia Natalie simu, akaweka sauti juu ili wote wasikie. Natalie alisikiliza, akavuta pumzi. "Pole, ilifaa nikuambie vizuri. Nilidhani utaona ni ushamba." Kisha akakaza sauti. "Lakini Mama, daktari alisema miguu yako inyooshwe usiku. Treni hiyo naijua. Viti ni vigumu na njia ni ndefu. Kama ni kiti, usikuje. Nitakutumia picha."

"Picha," Nekoye akasema, kama anayetema mbegu ya chungwa. "Mtoto ana jina langu. Nitamshika. Na kitandani na mume wako silali. Nitakaa, nimeshajaribu."

"Umejaribu nini?"

Nekoye akarudia sukuma yake. Chelimo akajibu badala yake. "Tangu Jumapili, aliposikia safari ni ya basi na treni, huyu mama analala kwa kiti cha sebule, anafanya mazoezi. Jana nilimkuta amekaa wima na kibeti kwa mapaja, ati yuko safarini. Muulize kwa nini leo amevaa ndara za marehemu baba yako."

Wote wakatazama chini, hata Njuguna, kisha akageuza macho haraka kwa adabu aliyojifunza dakika hiyo. Miguu ilikuwa imejaa ndani ya ndara zile kubwa mpaka mikanda ikazama.

"Imevimba," Nekoye akakiri. "Haijakataa kutembea."

Kila mtu alijua kwamba angeenda. Angepanda behewa la viti, angekaa wima kutoka Dar mpaka Mbeya, na angeshuka kama angeweza kushuka. Binti yake alimjua, na ndiyo maana alianza kulia. Njuguna alikata simu polepole, akatoka nje hadi kwenye lango la mabati, akapiga nyingine. Kule stesheni alipokea mwanamke mwenye Kiswahili kitulivu cha Dar.

"Dada, nina chumba kizima cha vitanda, nataka kukibadilisha. Niko na mama mkwe."

"Mama mkwe?" Mwanamke akaangua kicheko. "Na umekata chumba kimoja naye? Baba, pole sana! Sisi kwa kawaida wanawake tunawalaza na wanawake, wanaume na wanaume. Chumba kizima anakata mwenye familia yake, na ninyi ndiyo mlivyoomba."

"Basi tupangeni kama kawaida."

"Mama tutamwacha humohumo, kitanda cha chini, tumwekee wanawake wenzake. Ila vyumba vya wanaume siku hiyo vimejaa, Baba. Wewe nitakupa kiti."

"Nipe kiti."

Aliporudi alisimama mbali na mlango kuliko kawaida yake, akazungumza akimwelekea Chelimo, kama aliyezaliwa Kimilili.

"Mwambie Mama atalala na wanawake. Mimi nitakaa kwa viti, behewa lingine."

Chelimo akafungua mdomo kupitisha ujumbe, lakini Nekoye alikuwa ameshasikia. Alitafuta dosari katika mpango ule. Akafikiria kitanda chenyewe, kimelipwa na nani. Akafikiria mwanaume mrefu kama yule amekunjwa kwenye kiti mpaka asubuhi. Ni kijana, akaamua, atajikunjua. Akafikiria nywele za mtoto.

"Wanawake watupu?" akauliza.

"Watupu," Chelimo akasema. "Utawachosha na hadithi za mitumba."

"Kwa basi mimi nitakaa mbele, yeye nyuma."

"Haya."

"Mbeya atanitafutia mahali pa kulala. Nyumba ya jirani, yenye mlango wake."

"Haya, malkia."

Nekoye akasomba sukuma kwa mikono miwili na kuitia sufuriani. "Na kwa treni, chai asiniletee yeye mwenyewe kwa mlango. Mwambie atume mtu."

"Si umwambie wewe? Yuko hapo nje tu, amebeba sanduku lako."

"Atasikia."

"Nimesikia, Mama," Njuguna akaita kutoka langoni.