Ukuta wa Etirum

Etirum alichimba mifereji ya Larsa tangu hajaota ndevu. Mjini kwetu mtu akitimiza miaka sitini hupumzishwa zamu. Goti lake la kushoto lilishapumzika lenyewe, basi akaenda kwa Ipqatum, karani wa mifereji. Tulimsindikiza watatu: mimi jirani yake, dada yake Lamassatum, na Warassa, mume wa dada.

"Umezaliwa mwaka gani?" akauliza karani.

"Mwaka wa ukuta."

Kwetu mwaka hauna namba. Huitwa kwa jambo alilolifanya mfalme, na majina yote yamepangwa kwenye kibao cha udongo. Ipqatum akapitisha kidole.

"Ukuta upi? Hapa kuna wa miaka sitini na mmoja iliyopita, na wa miaka arobaini na minne."

"Ule mkubwa."

"Hakuna mfalme anayejenga ukuta mdogo, mzee. Naandika arobaini na minne."

"Arobaini na minne! Hebu niangalie uso!"

"Uso si ushahidi. Mferejini kila mtu anazeeka."

Miaka kumi na sita zaidi, kwa goti lile.

"Alizaliwa mwezi wa sita uliorudiwa," akasema Lamassatum. "Mama alikuwa anangoja mwezi wa saba, mfalme akatangaza wa sita urudiwe. Mpaka anakufa, mama alikuwa anasema mfalme alimwongezea mimba."

Karani akachukua kibao cha miezi iliyoongezwa ili mwaka usiachane na misimu. Akakisoma mara mbili.

"Miaka yote miwili, mwezi wa sita ulirudiwa."

"Mfalme gani huyu!" akasema Etirum.

"Wafalme wawili," akasema karani. "Mama, wewe ndiye mkubwa wake? Ulikuwa na miaka mingapi alipozaliwa?"

"Tisa. Nilimbeba mgongoni."

"Na wewe umezaliwa mwaka gani?"

Lamassatum akamtazama mumewe. Warassa alimwoa miaka mitatu nyuma, akiambiwa ni mjane wa miaka hamsini. Mtaa mzima tulijua si kweli, na mtaa mzima tulikula karamu.

"Lazima niseme?"

"Lazima. Tena uape kwa mungu Shamash."

Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa anatazama goti.

"Mwaka wa kiti cha enzi cha fedha," akasema. "Naapa."

Kiti hicho kilikuwa kimoja tu. Kidole cha karani kikapanda, kikaupita ukuta wa kwanza, kikapanda mistari mingine tisa.

"Sabini," akasema, akaandika. "Etirum ana sitini na mmoja. Ameachiliwa. Mwingine!"

Nje, Etirum alimshika dada yake mkono, machozi yakimtoka. "Acha kulia, watu wanaangalia," dada akamwambia.

Warassa hakusema kitu siku tatu. Ya nne aliamka akamnyang'anya mkewe mtungi wa maji, akisema mtu wa umri ule asibebe mzigo. Lamassatum alikuja kwangu amefura. Alisema heri zile siku tatu.