Isale la Wifi Elisifa

Binti yangu Aikaeli alizaliwa bila jicho la kulia. La kushoto lilikuwepo, lakini dogo kama punje ya njegere, limejificha ndani ya kope. Daktari alisema macho hayakuumbika tangu tumboni na si kosa la mtu. Mimi nilimwamini. Majirani zetu hapa Kirua Vunjo walikuja kumwona mtoto kama ilivyo desturi, na sabuni na sukari mkononi, wakanipa hongera, kisha wakaomba niwafunulie. Mungu anisamehe, niliwafunulia. Niliinua kope za kitoto changu kwa kidole kama mtu anayefunua sufuria kuonyesha mboga iliyochacha.

Aliyeomba kufunuliwa mara nyingi kuliko wote ni wifi yangu Elisifa, dada wa mume wangu Ebenezeri. Wiki ya kwanza alikuja mara tatu. Aliangalia, akakunja uso, akageukia pembeni, halafu akaomba aangalie tena.

Hospitalini mjini walimwekea mtoto vikombe vidogo vya plastiki ndani ya kope ili uso ukue sawa, kila baada ya muda wakavitoa na kuweka vikubwa zaidi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilijifunza kuvitoa, kuviosha na kuvirudisha bila kumliza. Hilo halikunitia kinyaa hata siku moja. Kinyaa kilinijia nikiona watu wamejipanga mlangoni.

Sasa ana miaka kumi na tano. Anasoma Moshi, kwenye shule yenye kitengo cha wasioona, na likizo anarudi nyumbani. Kahawa anachuma kwa vidole: iliyoiva inalegea kidogo ukiibonyeza, mbichi ni ngumu kama kokoto. Kapu lake halina mbichi. Langu linazo. Na ana mdomo. Watu wazima wana mchezo wa kusimama mbele yake na kumwuliza, "Haya, mimi ni nani?" Yeye anawajibu, "Wewe ni yule aliyekula dagaa." Maisha yake si ya kulilia, kama watu wangeacha kuyachafua kwa vidole vyao.

Mwaka huu ilikuwa zamu yake ya kipaimara. Katekisimu aliisoma kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona, akaijua yote, akawa anawasahihisha wenzake. Gauni lilikuwa tayari linaning'inia chumbani. Jumatano kabla ya Jumapili ya kipaimara, Magdalena wa kwaya ya akina mama alinivuta nyuma ya kanisa akanionyesha video kwenye simu yake.

Aikaeli alikuwa amelala bila vikombe vyake kwenye benchi letu la nje, wakati wa likizo ya Pasaka. Kidole gumba kiliingia, kikainua kope ya jicho la kushoto, kikaishikilia. Kisha la kulia, ambako hakuna kitu. Sauti ya mwanamke ilisema andika amina kama una huruma. Watu walikuwa wameandika amina. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama huwa anatoa machozi. Sikuhitaji kuambiwa sauti ni ya nani, na pete ya kile kidole naijua. Nilikuwepo siku anavishwa. Nilitapika palepale kwenye nyasi za kanisa.

Nilipanga kumficha mwanangu habari hiyo. Alhamisi alirudi kutoka kwenye mafundisho, akakaa jikoni, akaanza kumenya ndizi. Wenzake walikuwa wameshamwambia.

"Mama, Jumapili siendi," alisema. "Siwezi kusimama mbele ya watu walioniona ndani."

Nilimsihi sana. Nikamwambia mchungaji amemzoea, baba yake ameshaalika watu. Aliendelea kumenya. Ebenezeri aliposikia alimpigia dada yake simu, akamwambia kwamba bila kuomba msamaha asikanyage kwenye sherehe.

Jumamosi mchana Elisifa akaja na isale.

Kwetu isale ni jani la msamaha. Aliyekukosea akikuletea, hukatai, hata kama amekuchinjia ng'ombe wako. Ukikataa, mkosi unahamia kwako. Na ni isale hilohilo tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, na likishashika ardhi hakuna anayeling'oa. Elisifa hakuleta jani moja kama watu wengine. Alikuwa amekata kichwa kizima pamoja na shina lake, kikubwa, akakishika kwa mikono miwili. Alipiga magoti uani. Nyuma yake alisimama binti yake, Loveness.

"Shikamoo shangazi," alisema Aikaeli.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na isale."

"Umepaka na marashi ya Jumapili."

Aikaeli alinyoosha mkono, akalipapasa isale toka juu mpaka kwenye shina. Hapo nilisikia mlio mdogo, tii, nikadhani ni ndege. Mwanangu aligeuza kichwa.

"Loveness, hiyo ni simu. Unarekodi?"

Mama yake ndiye aliyejibu, bado akiwa kwenye magoti, kwa sauti laini kabisa. "Ni kumbukumbu tu, mwanangu. Watu waone tumesameheana."

Ndipo nilipoelewa kwa nini isale lilikuwa kubwa vile. Lilikatwa ili lionekane vizuri kwenye video. Nilitazama ile pete kwenye kidole chake na nikaona kama nimeshika kitu kilichooza.

Aikaeli hakupandisha sauti. "Isale nimelipokea, shangazi. Nimekusamehe. Loveness, endelea kurekodi." Kisha akamwomba baba yake jembe.

Alitembea na fimbo yake mpaka mwisho wa uwanja, pale njia ya kutoka barabarani inapoingia kwenye migomba yetu. Akachimba mwenyewe. Akasimamisha lile shina, akashindilia udongo kwa kisigino.

"Amani ni hii," alisema, "na mpaka ndio huu. Wewe unaishia hapa."

Elisifa alimgeukia kaka yake. Ebenezeri alikuwa akitazama udongo. "Isale likishapandwa," alisema, "mimi siling'oi."

Loveness alikuwa ameshateremsha simu. Kabla hawajaondoka aliifuta ile video ya Pasaka mbele yetu. Aliyoifuta ni ile iliyokuwa kwenye simu ya mama yake tu. Kwenye simu za wengine ipo, najua.

Jioni ile Aikaeli aliniomba nimpigie gauni pasi.

Jumapili alisimama mstari wa mbele, akajibu swali lake bila kukwama. Mimi sikusikia jibu. Nilikuwa nikikagua mikono ya watu kwenye viti, nani ameshika simu, nani amenong'ona. Bado ninafanya hivyo. Mtu akinisalimia, kwanza namtazama kidole gumba.

Mchana wageni walipojaa, Elisifa alikuja na zawadi yake, akasimama kwenye lile isale, akapiga hodi. Majani yalikuwa yameanza kunyauka kwa jua, lakini shina lilikuwa imara. Hakulivuka. Nilimpelekea mtori wa ndizi na nyama kwenye sahani nzuri, akala amesimama palepale njiani. Kiti sikumpelekea.