Amina ya Mama Zuhra

Nyumba yetu na ya Muhidini zinatumia ukuta mmoja, na fundi aliyeujenga aliiba saruji, kwa hiyo nasikia kila kitu. Nasikia sufuria zao, nasikia redio yao, na kila alfajiri, wakati nakanda unga wa chapati, namsikia Muhidini akimaliza kuswali na kuanza kuomba dua. Mimi ni Mkristo, naimba hadi kwaya, lakini dua za yule mzee nazijua kuliko nyimbo zangu mwenyewe.

Huanza kwa Kiarabu, taratibu, na sauti anayo. Hapo mkewe Mwasiti, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Zuhra, anaitikia Amina bila shida yoyote. Amina kwa afya. Amina kwa wazazi waliotangulia. Amina kwa binti yao Zuhra, aliyeolewa Geita. Kisha Muhidini anahamia kwenye Kiswahili, anafika mahali pa riziki, na upande wa pili wa ukuta kunakuwa kimya.

Tatizo ni kazi yake. Muhidini ana bredauni, lori kuukuu lenye winchi la kuvuta magari yaliyoanguka au yaliyokwama. Mkulima akiomba mvua, nani atakasirika? Mimi nikiomba wateja wa chapati, naomba watu wawe na njaa, na njaa wanayo tayari. Lakini mwenye bredauni akiinua mikono na kusema Ya Allah nipe riziki, anaomba nini hasa? Anaomba mtu mahali fulani anywe chai yake, aage wanawe, aingie barabarani, halafu gari lake liwe matairi juu.

"Unaomba watu waanguke," Mama Zuhra alimwambia siku moja.

"Sijasema waanguke. Nimesema kazi."

"Kazi yako ni ipi, Baba Zuhra?"

Hapo hata mimi niliacha kukanda nisikie jibu. Nilichosikia ni yeye akivaa kandambili na kutoka nje.

Sasa msije mkamdhania vibaya. Muhidini ni mtu mwema kuliko wengi ninaowafahamu. Babu yake alikuja na biashara ya chumvi kutoka Ujiji akanogewa na Kahama, naye mwenyewe ujana wake wote aliumalizia kwenye malori ya kwenda Rwanda. Lori lake alilinunua kwenye mnada, mali ya kampuni moja iliyokuwa ikifanya kazi za migodini ikafunga. Analiendesha polepole kama amebeba trei za mayai mapajani. Nyuma, kwa rangi nyekundu, ameliandika MTANIITA. Vijana wa mwendo kasi wakilipita kwa kejeli na kupiga honi, hilo ndilo neno wanalolisoma, na wengine kweli wanamwita kabla jua halijazama.

Akifika kwenye ajali haanzi na gari, anaanza na watu. Ana dumu la maji, ana kanga safi za kufunga majeraha, ana maneno ya kumtuliza mtu anayetetemeka. Mwaka jana alimvuta mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyetumbukia mtaroni na gari lake la kifahari. Yule bosi alikataa kata kata kushuka, kwa sababu ya begi alilokuwa amelikumbatia. Basi Muhidini akamvuta kinyumenyume hadi Kahama mjini, bosi yumo ndani anatazama alikotoka, na watoto wa barabarani wanampungia mkono. Naye, sijui kwa aibu au kwa heshima, akawa anawapungia pia.

Lakini mteja wake mkubwa ni Magesa. Magesa anaendesha mchomoko, vile vigari vidogo vinavyochomoka stendi na abiria kabla basi halijajaa. Ana mdomo mtamu na mguu mzito. Kwake yeye kona ni mahali pa kulipita lori, kwa sababu pale lori linapunguza mwendo. Muhidini alishamtoa kwenye majaruba ya mpunga mara nyingi hadi wakawa wanaulizana habari za familia huku mnyororo unakaza.

Hayo majaruba yako hapa kwetu, nje kidogo ya Kahama kwenye barabara ya Ushirombo, ambapo lami inajikunja ghafla mbele ya mashine ya kukoboa mpunga. Tunapaita Kona ya Majaruba. Meza yangu ya chai na chapati iko mlangoni mwa mashine, kwa hiyo nimeyaona magari ya kila aina yakiingia matopeni. Kwa bahati wengi wametoka wamepakwa udongo tu. Wengi, sikusema wote, na wale wengine sitaki kuwazungumzia leo.

Muhidini naye alipiga hesabu zake akaona, badala ya kusubiri simu nyumbani, akasubirie pale pale konani. Akaegesha bredauni pembeni mwa barabara, akaagiza chai, akakaa. Siku ya kwanza hakuna aliyeanguka. Wiki ikaisha, hakuna. Mimi ndiye niliyemfumbua macho, maana yeye alishaanza kusema amerogwa.

"Muhidini, wanakuona!"

Ndivyo ilivyokuwa. Dereva anakuja anapaa, anaona bredauni inamsubiri na kulabu linaning'inia, mguu wenyewe unaondoka kwenye mafuta. Alama ya barabarani ya kona kali ilikuwepo miaka yote na hakuna aliyeijali. Bredauni waliijali. Walipita pale kwa adabu, wengine hadi wakamwamkia, "Shikamoo mzee!" naye akajibu marahaba kwa uchungu kama mtu anayeng'olewa jino.

Basi akafanya jambo ambalo lilinikera, na nikamwambia limenikera. Akalirudisha lori nyuma ya mashine, kwenye lundo la pumba za mpunga, lisionekane. Madereva wakarudia ujinga wao, kazi ikarudi, na Mama Zuhra akazidi kuuma meno.

Muhidini akajaribu kumlainisha mkewe kwa maneno. Nilimsikia alfajiri moja: "Ya Allah, wale uliokwisha kuwaandikia kuanguka, waangukie karibu na mimi." Kimya. Siku nyingine: "Ya Allah, si ajali, gia boksi tu." Kimya, ila kilikuwa kimya cha mtu anayefikiria. Akaharibu mwenyewe kwa kuongeza: "Na gari moja moja la kuteleza." Mama Zuhra akainuka, nikasikia mlango wa jikoni ukibamizwa.

Nawaambieni, yule mwanaume aliumia. Alikuwa hakosi chakula wala nguo safi, lakini dua isiyoitikiwa na mkewe aliiona kama barua isiyo na stempu. Alikuwa akiniuliza, "Mama Amosi, kwani daktari naye haombi wagonjwa?" Mimi nikimjibu kwamba daktari haegeshi gari nyuma ya pumba.

Kisha Zuhra akajifungua kule Geita. Mama Zuhra akafunga mizigo, akaenda kumlea mzazi. Muhidini akabaki peke yake, na mwanaume aliyebaki peke yake ni kama mtoto aliyeachiwa duka la pipi. Asubuhi ambayo mkewe alikuwa arudi, nikamsikia akimaliza swala. Sauti ilikuwa na raha ambayo sijawahi kuisikia. Akapitia afya, wazazi, binti, mjukuu mpya. Akafika kwenye riziki, akashusha pumzi.

"Ya Allah, niletee gari leo. Lije lenyewe, pale pale konani. Na liwe limejaa, ili wenyewe wachangie kulipa."

Na kwa kuwa hapakuwa na wa kumnyamazia, akaitikia mwenyewe, kwa nguvu: "Amina!"

Niligonga ukuta kwa mwiko. "Muhidini! Wengine tuna ndugu zetu barabarani!"

"Mama Amosi," akajibu, "kanda chapati zako. Dua hii haikuhusu."

Alikuja konani amependeza. Alipaka grisi waya wa winchi, akasuuza dumu la maji, akala chapati na kuomba nyingine. Alikuwa na uhakika wa kuudhi. Jua lilipochangamka simu yake ikalia, ni Mama Zuhra. Yeye huweka simu sauti ya juu kwa sababu sikio moja limeharibiwa na malori, hivyo wote tulisikia.

"Baba Zuhra, niko njiani, tumeshapita Ushirombo zamani. Basi lilikuwa linachelewa, nikapanda kigari. Tumejaa kweli kweli, lakini kijana anakimbia, tutafika sasa hivi."

"Kijana gani?"

"Mcheshi huyo! Anasema mnajuana sana. Anaitwa Magesa."

Muhidini alibaki na chapati mdomoni. Nilimtazama, na sikuwa na mzaha wowote tena, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka neno kwa neno alichoomba. Lije lenyewe. Pale pale konani. Liwe limejaa.

"Shuka," akasema. "Mama Zuhra, mwambie asimame, shuka."

"Nishuke porini? Nauli nimeshatoa!" Nyuma yake muziki ulikuwa unanguruma, na Magesa akapaza sauti, "Shikamoo mzee! Leo nakuletea bibi harusi!" Mtandao ukakata. Akapiga, hakupatikana. Akapiga tena, vile vile.

Muhidini alikimbilia nyuma ya mashine. Sijawahi kumwona akikimbia, na kwa jinsi anavyokimbia naelewa kwa nini huwa anaacha. Akapanda lorini, akawasha. Kah-kah-kah, kimya. Akarudia. Kah, kimya. Bredauni ilikuwa imelala pale wiki nzima bila kupata kazi wala kuwashwa, betri imekufa.

"Sukumeni!" alipiga kelele. "Jamani, nisukumieni!"

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nitawasimulia wajukuu. Wapagazi waliacha magunia. Akina mama waliokuja kukoboa mpunga wakajifunga kanga viunoni. Mimi nilikiacha kikaango motoni, na chapati yangu ikaungua, nikaweka mabega chini ya lile neno MTANIITA na kusukuma. Pumba zilitufika magotini. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, akauliza kwa upole kama siku hizi bredauni nayo huwa inavutwa na watu. Kisha akaweka fimbo chini naye akasukuma.

Na Muhidini, huku ameshika usukani, alikuwa anaomba. Safari hii hakupanga maneno. "Ya Rabi, ile ya asubuhi usiipokee. Usiipokee, Ya Rabi. Nilikuwa peke yangu, sikuwa na mtu wa kunikataza. Sitaki gari. Sitaki kazi. Niache na njaa yangu."

Lori lilitoka kwenye pumba likajongea hadi ukingoni mwa lami, peupe kabisa. Akawasha ile taa ya juu inayozunguka, nayo kwa huruma ya Mungu ikawaka, ingawa kwa unyonge. Kisha akashuka, akanyakua kitambaa chekundu cha meza yangu, vikombe vikaenda zake, akasimama pembeni ya barabara akikipunga kwa mikono miwili.

Tukamsikia Magesa kabla hatujamwona, kwanza muziki, halafu injini. Akatokea kule mbali nyuma ya lori la mbao, na kama kawaida yake pua ya gari ikaanza kuchungulia kulia, anataka kupita pale pale kwenye kona. Mara akaiona bredauni. Niliona kile kigari kikiinamisha pua, kikarudi nyuma ya lori, kikaja taratibu, kikaja kwa adabu, kikasimama mbele yetu.

Hakuwahi hata kufungua mlango. Kutoka upande wa pili wa kona lilichomoza lori la mizigo la Rwanda, refu, limeshiba, likapita kwenye upande ule ambao Magesa angekuwepo. Upepo wake ulitupeperushia pumba usoni. Magesa alinyoosha mkono akazima muziki. Abiria wote wakalisindikiza lile lori kwa macho.

Magesa ndiye aliyejaribu kurudisha uhai. "Mzee Muhidini, leo umenikosa."

"Nimekukosa, mwanangu," Muhidini akasema, machozi na pumba vimemjaa ndevuni. "Alhamdulillahi, nimekukosa."

Mama Zuhra alishuka na kikapu chake. Akamtazama mumewe na kitambaa changu, akamtazama mzee wa ng'ombe, akatutazama sisi tuliovaa pumba, halafu bredauni iliyosimama peupe. Alimpangusa ndevu kwa ncha ya kanga, mbele ya watu wote, na kwa umri wao hilo si jambo dogo.

Lori la Muhidini halikurudi tena nyuma ya pumba. Liko pale ukingoni mpaka leo. Kazi zake sasa ni gia boksi na betri za watu, na siku nyingine anaondoka bila kazi yoyote ila chai yangu. Magesa hupunguza mwendo akifika kwetu. Anavyoendesha kwingine sijui, siko kwenye ukuta wake.

Ila alfajiri iliyofuata siku ile sikukanda unga. Nilisimama na mwiko mkononi, sikio ukutani, bila aibu. Muhidini alipita kwenye afya, wazazi, Zuhra na mjukuu. Akafika mahali pa riziki.

"Ya Allah, wafikishe wote wanakokwenda," akasema. "Ya kwangu utajua mwenyewe utaitoa wapi."

"Amina," akasema Mama Zuhra.

Nikadhani imeisha, nikageukia unga wangu. Mara nikasikia ukuta unagongwa, polepole, kwa kidole.

"Mama Amosi," Muhidini akaita kutoka upande wa pili. "Hii inakuhusu."

Nikaweka mwiko chini, nikaitikia.