Moto Ulipomgusa Holo

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Mhunze, nilifundishwa jambo moja kuhusu kifafa kabla sijajua kuliandika neno lenyewe: mgonjwa akishaungua moto, haponi tena. Aliyelisema mara kwa mara ni bibi, mzaa baba, na kila aliposema alimtazama dada yangu Holo.

Holo alikuwa akianguka tangu mdogo. Mama alimchukulia vidonge zahanati ya misheni, na tangu aanze kuvimeza hakuwa ameanguka msimu mzima wa pamba. Bibi aliushuku utulivu ule.

"Mama Holo, ugonjwa haujaondoka. Umejificha, unamvizia."

"Basi ukae hukohuko ulikojificha, mama," mama alijibu, nasi tukacheka.

Baba alimshuku jirani yetu Mama Sayi, aliyezoea kuja asubuhi kuomba kaa la moto, kwamba ndiye aliyemroga Holo. Mama Sayi naye alivishuku vikombe vyetu. Hata kwenye jua kali hakunywa maji kwetu, akihofia mate ya Holo.

Masika mto ulijaa, njia ya zahanati ikafungika, vidonge vikaisha. Holo akaanguka jikoni, mkono ukaingia katikati ya mafiga. Mama Sayi, aliyekuwa mlangoni, alirudi nyuma.

"Msimguse! Ana povu!"

Mama alimvuta peke yake. Bibi akaja, akaukagua mkono bila kulia.

"Moto umeshamwonja. Sasa mtampeleka wapi?"

Maji yalipopungua, mama alijifunga kitenge tayari kwa safari ya vidonge. Baba alimzuia mlangoni.

"Kidonda tutakitibu hapahapa. Kifafa chenyewe hakina dawa tena, Mama Holo. Tusijidanganye."

Mama akakifungua kitenge. Kidonda kilipona. Holo aliendelea kuanguka, hadi siku alipoanguka lamboni akichota maji, akafa. Bibi alisema tu, "Niliwaambia."

Nilisomea magonjwa ya akili, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia upande wa Geita nikitafiti kifafa. Hoja niliipanga hivi: ikiwa moto ndio unaozuia kupona, aliyeungua ataendelea kuanguka hata akimeza dawa. Kwa hiyo kila familia niliiuliza dawa iliachwa lini, kabla ya kuungua au baada. Mama mmoja kutoka Runzewe, aliyemleta mwanawe mwenye mkono ulioungua, alinishangaa.

"Daktari, si alishaungua? Nimeleta kidonda tu."

Kijana yule alirudishiwa dawa, na kama wengine kabla yake, akaacha kuanguka. Kovu lilibaki.

Utabiri wa bibi, basi, ulitimia kwa sababu tuliutimiza sisi. Hilo nililithibitisha kwa kadiri mtu anavyoweza kuthibitisha jambo. Hata hivyo, mpaka nastaafu, nilipoona kovu la moto mkononi mwa mgonjwa, kitu ndani yangu kilitamka kwa sauti ya bibi: huyu ndio basi tena. Sikukiamini, lakini sikuweza kukinyamazisha. Nikajiwekea utaratibu: kwanza niandike dawa, ndipo nimwombe mgonjwa akunje mkono wa shati.