Hukumu ya Jumatano

Kila Jumanne ya mapumziko ya soko la samaki la Busan, muuza vibua wa meza ya kona huenda sinema. Jumatano hutoa hukumu huku akipaa samaki, macho hayainui. Hadithi haimshughulishi, yeye hutazama mikono. "Eti mpishi, na kitunguu anakishika kama yai," husema, na hapo sokoni hakuna tena atakayenunua tiketi.

Jumatano hii, jirani yake Bok-rye, muuza mwani, alipanga mafungu yaleyale mara tatu. Katika filamu ya jana binti yake alikuwa ameigiza muuza samaki, dakika mbili tu, kazi yake ya kwanza. Mwishowe uvumilivu ukamshinda.

"Haya dada, sema basi."

"Kulia, analia vizuri."

"Na mikono?"

Kisu kikasita. "Yule kibua alimpasua kama anafungua barua."

Bok-rye uso ukamshuka. Mwenzake akasuuza kisu, akakifuta kwenye aproni, akakilaza ukingoni mwa ubao, mpini ukielekea kwenye meza ya mwani.

"Mwambie aje kesho alfajiri. Na asivae viatu vyeupe."