Upepo wa Mashine ya Vumbi

Mama alishuka kutoka milima ya Rurambo, akaja kukaa kwangu kando ya ziwa kwa sababu ya kifua. Daktari alitupa maneno machache tu: asikae penye moshi wala vumbi. Niliitikia kama mtu mwenye akili, huku moyoni nikijiuliza nitamweka wapi, maana mimi ni seremala na karakana yangu ni ua wa nyumba.

Nikatafuta aspirateri, ile mashine ya kufyonza vumbi. Niliipata bandarini Kalundu, kuukuu, imeshushwa pamoja na mizigo ya mashua. Mrija wake nikaufunga kwa mpira kwenye mashine ya kupigia msasa. Ilivuta vumbi la mbao kabla halijagusa chini; hata kuku walikosa pa kuogea. Nilijisifu mpaka majirani wakachoka kunisikia.

Mfuko wake wa ndani, ule unaochuja vumbi, ulipopasuka, nilizunguka mtaa mzima wa Kimanga nikitafuta mwingine, wala hakuna aliyejua ninachoulizia. Mke wangu akashona mfuko wa kitenge cha zamani. Nikamsifu: penye nia pana njia.

Joto la ziwani lilimtesa mama, mtu wa mlimani. Siku moja alipita nyuma ya aspirateri, akasimama pale hewa inapotokea.

"Mwana wangu, hii mashini yako iko na mupepo muzuri."

Nikamwekea kiti papo hapo. Kila mchana nilipofanya kazi alikaa pale na kikombe chake cha maziwa, macho kayafumba, nami nikajiona mtoto mwema kweli. Ila kikohozi hakikupungua. Kilizidi. Nilikuwa nakisikia kila nikizima mashine, hata nikaanza kuogopa kuizima. Nililaumu dawa, nikalaumu maji, nikamlaumu hata daktari.

Ndipo siku moja mke wangu alipokuja kuchukua kikombe.

"Weye, angalia maziwa ya mama."

Juu yake palikuwa na utando mwekundu. Nilitia kidole, nikausugua: vumbi laini kuliko unga, rangi ile ile ya mbao niliyokuwa nikiipiga msasa. Nikafungua mashine. Kitenge kilikuwa kimezuia chembe nene tu. Lile vumbi laini, lile baya zaidi, lilipenya kitambaa na kutokea nyuma, wiki tatu nzima, usoni pa mama. Na kiti nilikiweka mimi.

Sasa napiga msasa kwa mkono, nje kabisa, kando ya barabara. Kikohozi bado kipo, nami kila asubuhi nakisikiliza kabla sijamsalimu. Sijamwambia kitu, naogopa. Jana aliniita, shingo yote imelowa jasho.

"Ile mashini uliipeleka wapi? Minye nilikuwa naipenda."

Nikamwambia imekufa. Akanipa pole, akakohoa, akaniomba niitengeneze.